Foklifti ya stima kwa betri za lithiamu za gari la gofu: pima uzito kabla hujanunua kitu

Kama foklifti yako ya stima inatoka kwa chaja saa kumi na mbili asubuhi na ikifika saa tano inapandisha mzigo kama mzee anapanda ngazi, hiyo betri ya asidi imeisha, na najua tayari umeulizia bei ya mpya ukashika kichwa. Hapo ndipo sisi tulikuwa. Yetu ni ya tani moja na nusu, tairi tatu, volti 48, ilikuja mitumba, na inafanya kazi kwa godauni moja karibu na Lunga Lunga Road hapa Industrial Area, Nairobi, kushusha makontena na kupanga mizigo kwa rafu. Tukaibadilisha itumie betri nne za lithiamu, zile za magari ya gofu, na inatembea hadi leo. Lakini tulikosea mahali pawili na moja ya hayo makosa ingeumiza mtu, ndio maana naeleza polepole, juu nimeona mafundi wanakimbilia nyaya na kusahau kwamba betri ya foklifti iko na kazi mbili. Ya kwanza ni kutoa stima. Ya pili ni kuwa jiwe linalozuia mashine isianguke na mdomo.

Hatua ya 1: kibao na mizani

Kabla uulize bei ya betri yoyote, tafuta kile kibao cha chuma kilichopigwa riveti karibu na kiti. Kifute mafuta, kipige picha. Kinakwambia volti za mashine, mzigo unaoruhusiwa, na uzito wa betri, mdogo kabisa na mkubwa kabisa. Chetu kinasema betri isipungue kilo 700 na isizidi 790.

Foklifti ni ile pembea ya ubao ya watoto. Tairi za mbele ndio katikati, mzigo uko upande huu, betri na ule uzani wa nyuma uko upande ule. Betri ya asidi ya kilo 700 ukiitoa na kuweka lithiamu ya kilo 180, mzigo uleule uliokuwa unabebwa vizuri jana leo utainua tairi ya nyuma, na kumbuka foklifti inakata kona na tairi ya nyuma, kwa hivyo hata kabla haijaanguka opereta ameshapoteza usukani. Na akiwa ameinua pallet mita tatu juu, hapo hakuna cha kurekebisha.

Sasa hesabu yenyewe. Betri zetu kila moja ina kilo 45, nne ni 180. Tulihitaji zaidi ya kilo 520 za chuma. Chuma kina karibu kilo 7,850 kwa kila mita ya ujazo, kwa hivyo plati ya sentimita 90 kwa 50 yenye unene wa milimita 20 inakuwa kama kilo 70 na nusu. Plati saba zikatupatia karibu 495, fremu ya chuma cha engo ikaongeza kama 40, ukijumlisha na betri unapata 715. Tuko ndani ya kibao. Usiamini hesabu peke yake lakini, pima kwa mizani halisi, juu plati za skrapu saa ingine unaambiwa ni milimita 20 na ukiweka kalipa unapata 18, na kwa plati saba hiyo tofauti ni kama kilo 50.

Plati zilale chini kabisa ya sanduku la betri na zitandazwe sakafu yote vile betri ya zamani ilikuwa imekaa. Usizirundike upande wa mbele karibu na masti, zile nguzo za kuinulia foki, eti juu ni rahisi kufikia, kila sentimita unayosogeza uzito mbele inapunguza nguvu ya lile jiwe. Sisi tulitoboa mashimo manne, tukapitisha bolti ndefu za M16 kutoka chini hadi kwa fremu, zikawa kitu kimoja. Plati ambayo haijafungwa ikiteleza wakati wa kukata kona ni kilo 70 zinatafuta mguu wa mtu.

Hatua ya 2: ampea

Hapa ndipo wauzaji wengi wanakupoteza. Utaambiwa betri ni ya saa za ampea 105, na ni ukweli, lakini hiyo inakwambia itadumu muda gani. Haikwambii inaweza kusukuma nguvu kiasi gani kwa mara moja. Ndani ya kila betri ya lithiamu kuna BMS, bodi ndogo ya kulinda seli, na hiyo BMS iko na kikomo cha ampea. Ukikipita inakata, haikuombi ruhusa.

Piga hesabu ya kuinua. Kilo 1,500 kwenda juu kwa kasi ya sentimita 30 kwa sekunde zinahitaji kama kilowati 4.4. Pampu, mota na oili zinakula karibu nusu ya nguvu, kwa hivyo kutoka kwa betri unatoa kitu kama kilowati 8, na kwa volti 48 hiyo ni zaidi ya ampea 160. Hapo mashine imesimama tu. Ongeza opereta ambaye anainua huku anatembea, wote wanafanya hivyo, na unafika mbali zaidi. Sisi tulipima na klampu mita, kile kipimo kinachobana kebo kwa nje, kabla ya kubomoa chochote, na wakati wa kuinua mzigo kamili huku inaanza kutembea ilikuwa inagusa 280. Ukienda Luthuli Avenue kununua hiyo klampu hakikisha inapima ampea za DC, juu nyingi za bei rahisi zinapima AC peke yake na kwa betri zitakuonyesha sufuri.

Betri zetu zinaruhusu ampea 100 bila kupumzika kila moja, na zaidi kidogo kwa sekunde chache. Nne zikiungwa sambamba, chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, ni 400 kwa karatasi. Mimi nilipunguza asilimia 20 kwa sababu hazigawani sawasawa kabisa, nikabaki na 320. Hiyo inatosha 280. Kama ningekuwa na betri tatu ningekuwa na 240, na mashine ingezima kila mara opereta ana haraka. Kwa hivyo ni ampea ndizo zilizoamua idadi ya betri, masaa ya kazi yalikuja baadaye. Na masaa yenyewe hayakutusumbua: betri ya asidi ya saa za ampea 500 unaruhusiwa kutumia asilimia 80, yaani 400 kwa volti 48, karibu kilowati-saa 19. Lithiamu zetu ni 420 kwa volti 51.2, ukitumia asilimia 90 unapata hiyo 19 tena.

Hatua ya 3: kuchagua betri

Kwanini za gofu? Juu zinakuja kwa kasha lililofungwa, BMS iko ndani, na zimetengenezwa kwa gari linaloruka mashimo. Zile za sola za kutundika ukutani ambazo zimejaa mjini zinavutia kwa bei, lakini nyingi hazikutengenezwa kutikiswa siku nzima wala kuvutwa ampea nyingi kwa ghafla. Za kubomoa kutoka kwa magari ya umeme wacha kabisa, zingine ni za kemia ya nikeli ambayo ikipata moto ni shida kubwa. Unataka LiFePO4, yaani lithiamu ya chuma na fosfeti, na unataka iandikwe hivyo.

Angalia volti. Betri ya gofu ya 48 huwa ni seli 16 za volti 3.2, ambayo ni 51.2, na ikijazwa hadi mwisho inafika 58.4. Soma kibandiko cha kontrola ya foklifti, lile boksi linaloongoza mota, uone volti ya juu inayovumilia, isiwe chini ya hiyo. Ikishatulia baada ya kuchaji itakaa kama 53 ama 54 na hapo hakuna shida. Foklifti ya 24 inataka seli 8. Ya 36 inataka seli 12, usiibandike betri ya 48 ukidhani itaenda kasi, utachoma kontrola.

Na ya volti 80? Ushauri wangu ni usifanye hii kazi kwa betri za gofu. Utashawishika kuunga betri mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine ili volti zijumlike, hadi ufike hapo, lakini BMS moja ikikata katikati ya kazi, swichi zake ndogo za ndani zinabeba volti za mnyororo wote wakati zilitengenezwa kwa volti za betri moja. Zinaungua, na zikiungua mara nyingi zinabaki zimeshikana, kwa hivyo ulinzi wote umeenda. Unga mfululizo kama tu aliyetengeneza ameandika kwamba unaruhusiwa.

Nunua zote siku moja, aina moja, toleo moja.

Hatua ya 4: kutoa ya zamani

Shusha foki hadi ziguse sakafu, weka vigingi kwa tairi, chomoa plagi kubwa ya betri. Vua saa, pete, cheni. Kuinua kilo 700 kunahitaji foklifti nyingine ama hoisti yenye upau wa kutandaza minyororo, usivute na mnyororo mmoja kutoka katikati, kasha litapinda na seli zipasuke. Asidi iliyomwagika ndani ya sanduku mwagia magadi na maji, itafoka povu, endelea hadi ikome kufoka, alafu suuza, kausha, kwangua kutu na upake rangi. Vaa glavu na miwani, asidi kwa jicho si kitu ya kuoga na maji ukarudi kazini.

Kutoka hapo mashine haiinui kitu chochote hadi uzito urudi. Hata kreti tupu. Ilibidi nichomoe funguo nizitie mfukoni juu kila mtu alikuwa anataka kuitumia kidogo tu.

Hatua ya 5: kuunga

Chaji kila betri peke yake hadi ijae, ziache zitulie, alafu pima. Zikiwa zimetofautiana zaidi ya volti 0.1 usiunge bado. Ndani ya hizi betri kuna ukinzani mdogo sana, kwa hivyo ile yenye volti zaidi inamwaga ampea nyingi kwa jirani yake mara tu zikigusana.

Tumia baa mbili za shaba, moja ya chanya na moja ya hasi, na kila betri iende kwa baa na kebo yake mwenyewe, zote urefu sawa, hata kama moja iko karibu na kebo yake itabidi ijikunje. Ukizipanga kama mnyororo, betri ya kwanza itafanya kazi ngumu kuliko ya mwisho na itakufa mapema. Kebo kubwa kutoka kwa baa hadi kwa plagi tuliweka ya milimita 70 za mraba. Kila betri iwe na fyuzi yake kwa upande wa chanya, fyuzi ya DC ya daraja la T, juu lithiamu ikipiga shoti inatoa ampea maelfu na fyuzi za kawaida za magari zinaweza kuendelea kuwaka ndani badala ya kukata. Kama unatumia plagi za Anderson, bluu ndio ya volti 48, kijivu ni 36, na hazishikani rangi tofauti, kwa hivyo usilazimishe.

Hapa ndipo kosa letu la kwanza. Kijana aliyekaza nati alikaza tatu za mwisho kwa mkono alafu akaitwa kushusha kontena, na mimi sikurudia kuangalia. Siku ya pili mashine ikazima na pallet iko juu. Kilichotokea ni hivi: betri moja ilikuwa haishiki vizuri, kwa hivyo tatu zikawa zinabeba kazi ya nne, opereta akainua huku anatembea, moja ikapita kikomo ikakata, zikabaki mbili zinabeba mzigo wote na zenyewe zikakata papo hapo. Ilichukua chini ya sekunde. Tulishusha ile pallet kwa valvu ya mkono. Tangu hapo nati zinakazwa kwa spana ya kupima nguvu, kulingana na kitabu cha betri, na kila nati iliyokazwa inapigwa mstari wa rangi ya kucha, ukiona mstari umekatika unajua imelegea.

Chini ya betri weka mpira mzito, na zifunge zisicheze hata kidogo.

Hatua ya 6: ile cheche ya kwanza

Ukisukuma plagi na BMS ikate hapo hapo, betri haijaharibika. Ndani ya kontrola kuna kapasita kubwa, zikiwa tupu zinavuta ampea nyingi kwa nukta moja na BMS inadhani ni shoti. Dawa ni rizista ya omu 100, wati 25, na swichi ya kubonyeza, ziunganishwe kuruka swichi kuu. Bonyeza sekunde tano, kapasita zijae polepole, alafu ndio ufunge swichi kuu. Foklifti zingine tayari ziko na hiyo kitu kwa kontakta yao, kwa hivyo angalia kwanza.

Hatua ya 7: chaja, na kosa letu la pili

Chaja ya zamani itoe kabisa kutoka kwa hilo godauni. Usiiweke pembeni, kuna siku mtu wa zamu ya usiku ataichomeka. Chaja ya asidi mwishoni inapandisha zaidi ya volti 60 ili asidi itoe mapovu ichanganyike na seli zisawazike, lithiamu haitaki hiyo.

Chaja mpya iwe ya lithiamu ya seli 16. Kwa soketi ya kawaida ya ampea 13 huwezi kupita kilowati 3 hivi, kwa hivyo chaja ya ampea 50 ndio mwisho, na ukitaka ya 100 mwite fundi wa stima akuvutie laini yake na breka yake. Sisi tuko na ya 50 na inatosha, juu raha ya lithiamu ni kwamba unaweza kuichomeka wakati wa chai. Nusu saa ya chai ni saa za ampea 25, lunchi saa nzima ni 50. Betri ya asidi ukiifanyia hivyo kila siku unaiua.

Sasa sikia hii. Foklifti zenye mota za AC zinarudisha stima kwa betri wakati wa kupunguza mwendo. Asubuhi ya wiki ya pili opereta wetu alitoa mashine kwa chaja ikiwa imejaa asilimia 100, akabeba pallet, akashuka nayo kwa rampu. Alipoachilia kanyagio mota ikaanza kurudisha stima, betri zimejaa, BMS zikafunga mlango wa kuchaji, stima ikakosa pa kwenda, volti kwa kontrola zikaruka na kontrola ikajizima. Usukani ukawa mzito kama jiwe katikati ya rampu. Breki ya mguu ndiyo ilimshika, na ni kijana mtulivu, hakuruka nje. Chini ya hiyo rampu kulikuwa na watu wawili wanahesabu katoni. Mimi siku hiyo sikula lunchi.

Tulichofanya: chaja tukaiweka isimame kwa volti 56.8 badala ya 58.4, ikibaki na nafasi ya kupokea. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi jioni, tunaijaza hadi juu ili BMS isawazishe seli, na Jumatatu inaanza kazi kwa sakafu tambarare hadi ipungue. Mota za zamani za DC nyingi hazirudishi stima, lakini thibitisha kwa kitabu cha mashine, usidhani.

Baridi ya Nairobi hata ile ya Julai haisumbui, LiFePO4 inakataa kuchajiwa chini ya nyuzi sufuri tu. Lakini kama mashine inalala ndani ya stoo ya kugandisha, itoe nje ipate joto kabla ya kuchaji.

Hatua ya 8: mita

Mita ya betri ya foklifti inasoma volti, na ilifundishwa tabia ya asidi. Volti za lithiamu zinakaa palepale karibu hadi mwisho alafu zinaporomoka, kwa hivyo hiyo mita itakuambia imejaa hadi dakika mashine inazima. Weka mita ya kuhesabu ampea, ile inayokuja na shanti, kipande cha chuma ambacho ampea zinapimwa zikipita, yetu ni ya ampea 500, inafungwa kwa kebo ya hasi. Tumeweka king'ora kilie ikifika asilimia 20, na kwa asilimia 15 rilei inakata kuinua lakini inaacha kutembea, ili opereta aweze kufika kwa chaja.

Kujaribu

Pima mashine nzima kwa mizani ya lori, ulinganishe na kibao. Alafu mahali wazi, watu wakae mbali, inua nusu ya mzigo unaoruhusiwa, sentimita kumi tu kutoka chini, tembea, simama, kata kona. Ongeza hadi mzigo kamili, bado chini, huku mtu mmoja kwa mbali anaangalia tairi ya nyuma. Ikitaka kuelea, shusha na urudi kwa hesabu ya chuma. Baada ya hapo mwite mkaguzi aliyeidhinishwa na DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, aiangalie, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mashine za kunyanyua zikaguliwe, na hii yako imebadilishwa kitu kikubwa, mwonyeshe hesabu ya uzito na umwandikie aliyetengeneza foklifti umuulize pia. Bandika karatasi mpya ndani ya kifuniko: aina ya betri, uzito wote, chaja gani peke yake inaruhusiwa.

Ile betri ya zamani usimpe mtu wa mkokoteni ati juu analipa cash. Iko na mamia ya kilo za risasi, ile metali yenye sumu. Mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa watu waliugua kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikaendelea na rufaa miaka mingine. Wapelekee wanaokusanya kwa leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, wanapima na kulipa kwa kilo.

Baada ya wiki moja ya kazi fungua kifuniko, angalia ile mistari ya rangi kwa nati zote, gusa kila kebo mara tu baada ya kazi ngumu. Iliyo moto kuliko wenzake ndiyo unaanza nayo.